Saa Iliyorudi Nyuma

Stima ilipotea Rongai saa nane mchana, ikarudi saa nane na dakika 10. Taa ziliwaka, friji ya dawa ikaanza kunguruma, kompyuta ya kaunta ikaamka. Kitu kimoja tu kilibaki kimya: laini iliyounganisha duka hilo la dawa na duka kubwa la Kitengela. Dakika 5 zikapita, kisha 20, kisha 40. Halafu, bila mtu kuigusa, laini ikarudi yenyewe kana kwamba ilikuwa imetoka kidogo kuvuta sigara.

Hiyo ilikuwa 2022, na laini hiyo niliiweka mimi. Nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa tatu. Karo ilinishinda, na baadaye, nikisema ukweli, hata hamu ilinishinda. Nilikuwa naishi kwa vibarua: kuandikia watu CV, kutoa virusi kwenye kompyuta za saiba, kupanga rauta za nyumba za kukodi. Mwenye yale maduka yuko chama kimoja na mama yangu. Aliniita akaniambia, "Kijana yangu, si wewe ulisomea hizi vitu? Nataka Rongai wajue Kitengela kuna dawa gani, na Kitengela wajue Rongai kuna nini. Lakini sitaki mtu huko nje aone wateja wangu wanakunywa nini."

Hilo la mwisho alilisema polepole. Orodha ya dawa ni orodha ya magonjwa. Ukijua jirani yako ananunua nini kila mwezi, umeshajua mengi kuliko anayoyajua mke wake.

Wengi wetu tunaijua VPN kama app ya kufungulia kilichofungwa. Waganda waliikimbilia Julai 2018, serikali yao ilipoanza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa kutumia mitandao ya kijamii. Sisi tulikumbushana majina ya VPN Novemba 2024, Telegram ilipogoma wakati wa KCSE. Lakini kazi yake ya asili ni ile aliyoitaka huyu mama: kuchimba handaki ndani ya intaneti ya watu wote, ili kompyuta mbili ziongee na mtu wa katikati asikie kelele tu.

Handaki nililolichimba linaitwa WireGuard, na linakaa ndani ya kerneli. Kerneli ni kile kiini cha mfumo endeshi ambacho hukioni. Programu yako ikitaka diski, kumbukumbu au mtandao, lazima ipite kwake iombe. Usimbaji ukiwekwa huko chini, programu ya duka haihitaji kujua lolote. Inatuma barua zake kama kawaida, na kerneli inazifunga kwenye bahasha isiyofunguka kabla hazijatoka mlangoni. Ni haraka na ni safi. Shida ni siku inapoharibika. Programu ya juu ikianguka huwa inalia, inakuandikia kosa jekundu kwenye skrini. Handaki la kerneli likikataa, programu ya juu inaona tu kwamba mwenzake hajibu. Huwezi kujua kama ni mtandao, ni ufunguo, ni rauta, ama ni wewe.

Nilianza na washukiwa wa kawaida. Kwanza, ukubwa wa pakiti. Mitandao mingi hubeba pakiti isiyozidi baiti 1,500, namba iliyotoka kwenye Ethernet na ambayo tumeirithi hadi leo. Ukiongeza bahasha ya WireGuard, ndani inabaki nafasi ndogo zaidi, ndiyo maana huwa inajiwekea kikomo cha 1,420. Kukitokea rauta njiani yenye mlango mwembamba zaidi, na iwe imezuiwa kukuambia kwamba pakiti yako haipiti, utapata ugonjwa wa ajabu: salamu zinafika, ujumbe mfupi unafika, lakini ukiomba kitu kikubwa kila kitu kinaganda. Huo ugonjwa una miaka mingi na umewakosesha mafundi wengi usingizi. Nilipunguza kikomo hadi 1,280. Hakuna kilichobadilika. Na kwa kweli haukuwa ugonjwa wangu, kwa sababu kwangu hata salamu haikupita.

Pili, nilizima na kuwasha. Kuzima na kuwasha rauta ya Rongai hakukusaidia. Kuzima na kuwasha kompyuta ya Kitengela kulisaidia papo hapo, kila mara. Nilifanya hivyo mara nne, siku nne tofauti, na mara nne laini ikapona. Nani hangeamini? Nikamwambia mama kwamba mashine ya Kitengela imechoka. Akanunua nyingine iliyotumika, shilingi 18,000, kwa neno langu. Laini ikakaa siku tisa bila neno. Siku ya kumi stima ikapotea Rongai, na tukarudi palepale.

Siku hiyo kuna mzee alikuja Rongai kutafuta dawa yake ya presha. Kompyuta ya kaunta, ambayo ilikuwa haijaongea na Kitengela tangu stima ilipokatika, ikasema Kitengela kuna paketi mbili. Mzee akapanda matatu mbili hadi Kitengela. Zilikuwa zimeuzwa kabla hajashuka. Hakunigombeza, hakujua hata kwamba mimi nipo duniani. Mama ndiye aliyenipigia simu, na hakupandisha sauti. Aliniuliza tu, "Sasa hiyo ingine niliyonunua ni ya nini?"

Ukitaka kuona kinachopita kwenye mtandao kuna chombo kinaitwa tcpdump, kilichoandikwa katika maabara ya Lawrence Berkeley, Marekani, kabla sijazaliwa. Nilikiwasha pande zote mbili. Rongai: bahasha inatoka. Kitengela: bahasha inafika. Kitengela haijibu. Baada ya sekunde 5, bahasha nyingine inatoka, inafika, haijibiwi. Niliangalia hivyo kwa nusu saa kama mtu anayetazama mgeni akipiga hodi kwenye nyumba ambayo taa zinawaka ndani.

Usiku huo ndipo nilianza kusoma historia. Sikuwa nimeipenda historia ghafla. Nilitaka kujua ni nani aliona ni wazo zuri kutengeneza mashine inayosikia hodi na kunyamaza.

Hadithi inaanzia kwenye sheria. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Marekani iliweka programu za usimbaji kwenye orodha moja na silaha. Kupeleka msimbo nje ya nchi bila leseni kulihesabiwa kama kuuza silaha nje. Mwaka 1995 mwanafunzi mmoja wa hisabati wa Berkeley, Daniel Bernstein, aliishtaki serikali kwa sababu alitaka kuchapisha mfumo wake wa usimbaji alioupa jina Snuffle, na akaambiwa anahitaji ruhusa. Hoja ya mawakili wake ilikuwa kwamba msimbo ni maneno, na maneno yana ulinzi wa katiba. Mahakama ilikubaliana naye, na Mei 1999 mahakama ya rufaa ikakubaliana naye pia. Shika jina hilo. Bernstein atarudi, tena mara mbili, na mara ya pili atanikuta mimi Rongai.

Kesi ikiendelea, mtu mwingine alianza njia tofauti. John Gilmore, mmoja wa wafanyakazi wa kwanza kabisa wa Sun Microsystems na mmoja wa waanzilishi wa EFF, shirika lilelile lililosimama na Bernstein, alianzisha 1996 mradi wa kuweka usimbaji ndani ya kerneli ya Linux. Aliuita FreeS/WAN. Lengo lake lilikuwa kubwa kiasi cha kuchekesha: kabla ya mwaka huo kuisha, asilimia 5 ya mazungumzo yote ya intaneti yawe yamesimbwa. Hakufika hata karibu. Toleo la 1.0 lenyewe lilitoka 1999.

Na hapa kuna jambo ambalo nililisoma mara mbili nikidhani nimekosea. Gilmore, Mmarekani, alikuwa anaweza kulipia mradi, lakini hakuweza kuuandikia msimbo. Hakuna Mmarekani aliyeruhusiwa. Angegusa tu, serikali yake ingesema msimbo ule ni bidhaa ya Marekani na hauwezi kutoka nje bila leseni. Sehemu ya kerneli, waliyoiita KLIPS, ilianzia Ugiriki mikononi mwa John Ioannidis, na kazi ikaendelea Kanada, sana sana Toronto. Mtumiaji wa Marekani akigundua hitilafu, angeweza kusema kwamba kuna hitilafu. Hakuruhusiwa kutuma suluhisho, hata kama ni mstari mmoja. Fikiria wewe ni fundi, unaona waya uliolegea, unajua ni upi, lakini ukiunyooshea kidole umevunja sheria ya silaha.

Linux yenyewe iliingia kwenye mtego huohuo. Linus Torvalds alihamia Marekani 1997, na usimbaji haukuweza kuwekwa kwenye kerneli rasmi. Kwa hiyo ukaishi nje, kama kiraka ambacho kila mtu alijishonea mwenyewe. Kilikuwepo kifurushi cha viraka vya kimataifa, na anwani yake, naapa sijaitunga, ilikuwa kerneli.org. Herufi ya mwisho ilisimama badala ya neno "kimataifa" kwa Kiingereza, lakini mtu wa Mombasa akiiona atadhani Mswahili alipita hapo.

Kushona viraka nje ya nguo ndiko kulikofanya kutafuta hitilafu kuwe kazi ya mateso. Kerneli rasmi inabadilika, kiraka kinachanika. FreeS/WAN ilikuwa na nusu mbili: KLIPS ndani ya kerneli ikisimba pakiti, na programu ya juu iitwayo Pluto ikipatana funguo na upande wa pili. Pluto ingeweza kukuambia funguo zimekubaliana, kila kitu ni shwari, wakati KLIPS chini inatupa pakiti zote jalalani. Au kinyume chake. Walichoka kuuliza watumiaji maswali arobaini kabla ya kuwasaidia, wakatengeneza amri moja ya kukusanya kila kitu mashine inachojua: njia, sheria, funguo zilizofunikwa, kumbukumbu za kerneli. Amri hiyo waliipa jina la kutapika, ipsec barf. Ukiomba msaada unaambiwa kwanza tapika, halafu tuangalie ulikula nini. Nampenda aliyeipa jina hilo. Anaonekana alikuwa amepitia usiku kama wangu.

Januari 2000 Marekani ililegeza sheria. Milango ilifunguka, na jambo la kushangaza ni kwamba FreeS/WAN haikuingia. Kufikia mwisho wa 2002, David Miller na Alexey Kuznetsov walikuwa wameandika IPsec mpya moja kwa moja ndani ya kerneli, na watu wakaipata rasmi na Linux 2.6, Desemba 2003. FreeS/WAN ilifungwa 2004. Miaka minane ya watu kufanya kazi nje ya geti kwa sababu ya sheria, na geti lilipofunguliwa nyumba ilikuwa tayari imejengwa na wengine. Warithi wake wawili, Openswan na strongSwan, waliendelea na sehemu ya juu.

IPsec yenyewe ilikuwa na ugonjwa mwingine: ilikuwa kubwa mno. Mwaka 1999 Niels Ferguson na Bruce Schneier waliichunguza na kulalamika kwamba imejaa chaguo juu ya chaguo, kila mjumbe wa kamati aliwekewa alichotaka, na kwamba kitu kigumu namna hiyo hakiwezi kukaguliwa ukasema kwa uhakika kwamba ni salama. Septemba 2013, nyaraka za Edward Snowden zilipoonyesha jinsi NSA ilivyofanya kazi kudhoofisha usimbaji, Gilmore aliandika akikumbuka vikao vile na watu wa NSA walivyoshiriki. Inawezekana ugumu ule ulikuwa wa makusudi. Inawezekana pia ilikuwa kamati tu, na kamati zinajulikana.

Ubaya wa ugumu ni kwamba hukuachia shaka ambayo huwezi kuimaliza. Angalia kilichowapata OpenBSD, mfumo endeshi uliojengewa sifa ya usalama na ambao makao yake Kanada yaliuruhusu kuwa na IPsec ndani mapema, 1997. Desemba 2010 kiongozi wao, Theo de Raadt, alipokea barua kutoka kwa mtu aliyedai kwamba miaka 10 nyuma FBI iliwalipa watengenezaji waweke milango ya nyuma kwenye IPsec yao. De Raadt angeweza kuificha. Aliichapisha yote hadharani na kusema, someni msimbo wenyewe. Watu walishuka kwenye mistari ya zamani wakitafuta mdudu ambaye huenda hakuwahi kuzaliwa. Walikuta makosa, wakayarekebisha. Mlango wa nyuma hawakuupata. Lakini mtu yeyote aliyewahi kutafuta kitu gizani anajua: kutokukuta si sawa na kutokuwepo, na ulimwengu wa kerneli ni giza pana.

Ndipo anaingia Jason Donenfeld. WireGuard yake ilionekana hadharani 2016, na jambo la kwanza watu waliloliona ni udogo wake: chini ya mistari 4,000 ya msimbo. Hakuna kamati, hakuna orodha ya chaguo. Usimbaji ni mmoja tu, na hapa Bernstein anarudi mara ya kwanza: ChaCha20, Poly1305 na Curve25519, nguzo za WireGuard, zote ni kazi zake. Mwanafunzi aliyeambiwa aombe leseni ya silaha sasa alikuwa ndani ya handaki la kila mtu. Linus, ambaye si mwepesi wa sifa, aliisifu hadharani 2018 na kuilinganisha na ile mizigo ya OpenVPN na IPsec. Iliingia kwenye Linux 5.6, iliyotoka tarehe 29 Machi 2020. Kenya ilikuwa na siku mbili za kafyu. Watu walikuwa wamerudi nyumbani na kompyuta za ofisi, na VPN ilikuwa inakaribia kuwa neno la jikoni.

Udogo huo haukuwazuia watu kuharibu. Kampuni moja ya Marekani ilikuwa imelipia WireGuard iandikwe upya kwa kerneli ya FreeBSD. Mwanzoni mwa 2021, wiki chache kabla ya toleo la 13.0, Donenfeld aliufungua msimbo ule akashika kichwa. Kulikuwa na sehemu zilizowekewa usingizi wa muda mfupi ili michakato miwili isigongane, kama vile kumwambia dereva wa matatu ahesabu hadi tatu badala ya kuweka taa za barabarani. Kulikuwa na kaguzi ambazo kazi yake ilikuwa kujibu "ndiyo" kwa kila kitu. Yeye na wenzake wawili, mmoja wa FreeBSD na mmoja wa OpenBSD, walikaa karibu wiki moja wakiandika upya. Mwishowe WireGuard ikatolewa kabisa kwenye toleo hilo, ikarudi baadaye ikiwa imetulia. Kilichonigusa ni kwamba mtu mmoja aliweza kuukalia msimbo huo na kuona kila kitu ndani ya siku chache. Ungejaribu hivyo na IPsec ungemaliza ujana wako.

Basi nami nikaamua kuusoma. Si kwa ushujaa. Ni kwa sababu mistari 4,000 inaingia kwenye simu, na safari ya Kitengela ina foleni.

Kwanza nilijifunza kwamba kimya ni cha makusudi. WireGuard haimjibu mtu asiyejithibitisha. Hodi isiyo na ufunguo sahihi haipati hata "nani wewe?" Mtu akipita mtandaoni akigonga milango yote, mlango wako hataujua kama upo. Nikajifunza pia kwamba kerneli ya Linux inaweza kulazimishwa kusema. Kuna faili moja maalum, ukiliandikia jina la moduli na alama mbili, WireGuard inaanza kumwaga siri zake kwenye kumbukumbu za kerneli. Nilifanya hivyo Kitengela, nikamwomba mhudumu wa Rongai azime swichi kubwa na kuiwasha. Kumbukumbu ikasema: salamu batili kutoka anwani ya Rongai. Batili. Funguo ni zilezile zilizofanya kazi dakika 10 zilizopita. Ubatili umetoka wapi?

Nilishuka kwenye msimbo hadi mahali salamu inapopokelewa. Kuna mtihani wa ufunguo. Kuna mtihani wa pili. Halafu kuna kitu kimeitwa, kwa jina la Kiingereza, shambulio la marudio. Nilisimamisha kidole hapo, matatu ikiwa imekwama mbele ya Athi River.

Inafanya kazi hivi. Adui anaweza kurekodi salamu yako ya leo bila kuielewa, na kesho akaituma tena. Imesimbwa sawasawa, ina ufunguo sahihi, kwa sababu kweli ni yako. Ili kumzuia, kila salamu ya WireGuard hubeba muhuri wa saa, na anayepokea hukumbuka muhuri wa mwisho aliouona kwako. Ukileta muhuri wa zamani kuliko huo, wewe ni mwizi mwenye kanda ya kurekodi, na hujibiwi. Ni kama soja wa geti anayeandika saa ya kila mgeni: mtu huyohuyo akija na karatasi ya jana, soja anatazama pembeni kana kwamba hakuna aliyesimama pale. Muundo wa muhuri huo unaitwa TAI64N. Aliyeubuni ni Bernstein.

Rongai nilikuwa nimeweka Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya bei nafuu. Ile niliyoweka haina saa yake ya betri. Ina mbinu tu: kila saa moja inaandika wakati kwenye kadi, na ikiwaka baada ya stima kukatika ghafla inaanza pale ilipoandika mara ya mwisho, halafu inauliza intaneti saa sahihi. Lakini mimi, kwa bidii yangu ya kutii mama, nilikuwa nimeamuru kila kitu kinachotoka Rongai kipite ndani ya handaki. Hata swali la "saa ngapi?" Kwa hiyo mashine ilikuwa inaamka ikiwa kwenye wakati uliopita, inahitaji handaki ili ijue saa, na inahitaji saa ili ipate handaki.

Kila kitu kikajipanga. Siku ile stima ilipopotea saa nane kamili, wakati ulikuwa umeandikwa mara ya mwisho saa saba na dakika 17. Mashine iliamka ikiamini ni saa saba na dakika 17, ikapiga hodi na muhuri huo. Kitengela ilikuwa imeshaona mihuri ya karibu saa nane. Mwizi. Kimya. Ilibidi saa ya uongo itembee yenyewe dakika 43 hadi ifike saa nane yake, ndipo Kitengela ikubali. Stima ingepotea dakika 3 baada ya kuandikwa, kimya kingekuwa cha dakika 3, hata kama giza lingedumu nusu siku. Ndiyo maana sikuwahi kuona uhusiano. Na kuzima Kitengela kuliponya kwa sababu muhuri wa mwisho hukaa kwenye kumbukumbu tu, haukai kwenye diski. Nilipoizima, soja alisahau. Mashine ya zamani haikuwa na kosa lolote. Shilingi 18,000.

Waandishi wa WireGuard wenyewe wameandika udhaifu huu wazi kwenye orodha ya mapungufu yao, kwamba wanaiamini saa ya mfumo kuliko inavyostahili. Ilikuwa pale wakati wote. Sikuisoma kwa sababu nilidhani kitu kidogo namna hiyo hakina la kusoma.

Nilifanya mambo mawili. Nililitoa swali la saa nje ya handaki, na nikanunua kijisaa chenye betri ya duara pale mjini, kwa bei ya chipsi kuku ya watu wawili, nikakichomeka. Halafu nikaenda Kitengela kumwambia mama ukweli kuhusu ile mashine aliyoinunua. Nilikuwa nimejiandalia maneno njia nzima: Toronto, sheria ya silaha, muhuri. Alinisikiliza hadi nikafika kwa soja wa geti.

"Kwa hivyo," akasema, "Kitengela ilikuwa inadhani Rongai ni mwizi."

"Ndiyo, mum."

"Na ile ya zamani iko sawa."

"Iko sawa."

Alinyamaza. Halafu akaniambia niitoe stoo, niipeleke Rongai iwe ya kaunta, maana ile ya huko iko polepole, na kwamba kazi hiyo hatanilipa. Nikaibeba kwa matatu, nimeipakata. Nilipofika tulizima swichi kubwa, tukahesabu hadi 60, tukawasha. Nilikuwa nimefungua kumbukumbu za kerneli ya Kitengela kwenye simu yangu. Friji ilianza kunguruma, na kabla taa ya rauta haijatulia salamu ikaingia, ikajibiwa.

Mhudumu akaniuliza kama sasa anaweza kuwasha stima ya nyuma, kuna mteja anangoja.